Mkono Wake Ulimtafuta Mwanamke Mfupi

Sifa zote njema namrudishia Mwenyezi Mungu, Mjuzi wa yaliyo wazi na yaliyofungiwa vifuani, aliyeniamsha leo nikiwa na akili zangu timamu na nguvu za kushika kalamu. Sala na salamu zimfikie Mtume wetu, na jamaa zake, na kila aliyefuata mwendo wake wa ukweli. Baada ya hayo, wasomaji wenzangu, naomba mnivumilie. Nina jambo limenikaa kooni kwa muda mrefu...

Nina umri wa miaka hamsini na tisa. Jina langu halitawafaa kitu. Niiteni Mama Fatma, kwa jina la mwanangu wa kwanza. Kwetu ni Mombasa, na kabla sijaja Uarabuni nilikuwa mwalimu wa madrasa. Watoto wa mtaa mzima walianzia alifu kwenye mkeka wangu. Sasa namtunza mama mzazi wa bosi wetu mjini Riyadh, bibi kizee ambaye viungo vimemkataa. Mume wangu, Mbarak, alikuwa dereva wa nyumba hiyo hiyo.

Alikuwa... Neno dogo, lakini ndani yake mna mkasa wangu wote!

Tulikuwa watu wa bahati, mimi na Mbarak. Ni wangapi huku wanaolala na waume zao? Ijumaa nikienda Al-Shumaisi kununua unga na kuonana na dada zetu wa Kenya, walinitania kuwa mimi pekee ndiye niliyepanda ndege na kitanda changu. Nilicheka nao. Nilimshukuru Mungu kwa chumba chetu kidogo kilichokuwa juu ya gereji, kwa chai ya alfajiri tuliyokunywa pamoja baada ya sala, kwa mzee wangu ambaye hakuwahi kuniinulia sauti.

Bosi ana nyumba ya pili Jeddah, kwa ajili ya hewa ya bahari. Alikuwa akienda huko mara kwa mara kwa biashara zake, na Mbarak ndiye aliyemwendesha. Pengine walikaa wiki mbili, pengine tatu. Nyumba ile ya Jeddah ilihitaji mtu wa kuikalia, na mtu huyo nilimleta mimi kwa mkono wangu.

Aliitwa Zuhura. Nilimfundisha tangu akiwa hajabadili meno, yatima wa baba, mtoto mfupi mwenye haya nyingi. Aliolewa kwetu akaachika, akabaki anauza maandazi. Niliposikia madam, mke wa bosi, anatafuta mfanyakazi wa Jeddah, nilimwombea. Nilimwambia madam, huyu ni kama binti yangu, ukimpa amana hutajuta. Madam akakubali. Zuhura alipofika alinipigia simu akilia kwa furaha, akaniambia, "Mwalimu, umenizaa mara ya pili."

Sasa sikilizeni ilivyoanza.

Wezi waliingia nyumba ya jirani wa bosi wakati wenyewe wamesafiri. Walimfunga mlinzi kamba, wakachukua walichotaka. Bosi alishtuka sana. Yeye ni mtu wa kusafiri, na akisafiri na familia yake, nyumba anatuachia sisi pamoja na mama yake mgonjwa. Anayo bastola yake ya kihalali, na hukaa ndani ya sefu. Siku moja alituita mimi na Mbarak sebuleni. Akatuambia kuna klabu ya kulenga shabaha, ina mafunzo ya kujihami kwa mume na mke, naye ameshalipa. Sisi wageni hatumiliki silaha huku, na hakuwa na nia ya kutupatia. Alisema, "Siwapi bastola. Nawapa elimu yake, ili siku mkiikuta mezani msiiogope wala msiichezee."

Mimi nilifurahi. Msishangae! Mwanamke wa umri wangu, mwalimu wa madrasa, nifurahie bunduki? Lakini familia ikisafiri nililala chumbani kwa bibi kizee asiyeweza kukimbia, na tangu wale wezi waje kwa jirani kila mlango uliolia ulinitoa jasho. Nilitaka kujua la kufanya. Isitoshe, ni lini mara ya mwisho mimi na mume wangu tulifanya jambo jipya pamoja?

Mbarak hakutaka.

Mara ya kwanza mgongo ulimuuma. Mara ya pili ikawa jino. Mara ya tatu gari lilihitaji kupelekwa gereji, gari ambalo halikuwa na ubovu wowote. Bosi alikuwa akimtazama kwa mshangao, kama mtu anayetaka kusema kitu kisha akakiacha. Mimi ndiye niliyemsukuma. Nilimwambia mbona unamwaibisha bosi, mtu amelipa fedha yake kwa ajili yetu? Nikamtania kuwa anaogopa nitamshinda kulenga. Hakucheka. Alisema tu, "Mama Fatma, mambo mengine ni bora kuyaacha."

Kumbe alikuwa ananiomba! Alikuwa ananiomba, nami nilikuwa nacheka...

Klabu ilikuwa Al-Sulay, katikati ya maghala. Ukipita nje huwezi kujua, ni ukuta na mlango wa chuma kama ghala lolote la mchele. Mwalimu wetu alikuwa askari mstaafu, Msaudi wa makamo, mtulivu, tulimwita Ustadh Fahad. Alizungumza Kiarabu cha taratibu ili nimfuate, na mimi Kiarabu nakifahamu.

Alikuwa na desturi moja iliyonipendeza. Kila somo, kabla hajafungua kabati la silaha, alisimama mbele yetu na kuuliza, "Leo kuna aliyekuja na hasira?" Akasubiri jibu la kila mmoja. Alisema mwenye hasira hana ruhusa ya kushika silaha yake, hata akiwa mkubwa wa jeshi. Atakunywa kahawa, ataangalia wenzake, na atarudi siku nyingine. Nilimwambia hayo ni mafundisho ya dini yetu hasa, naye akafurahi.

Somo la kwanza hatukupiga hata risasi moja. Alitufundisha kuichukulia kila bastola kuwa ina risasi. Kidole kisiguse kifyatulio mpaka umeamua. Mdomo wa silaha usiuelekeze kwenye kitu ambacho hutaki kukipoteza. Na akatuambia kujihami kwingi ni kufunga mlango, kuzima taa na kupiga simu. Anayekimbilia kupiga risasi hakuelewa somo. Somo la pili tulipiga shabaha. Karatasi yangu ilitoboka karibu na katikati, na Ustadh Fahad akamwambia Mbarak ajihadhari nyumbani. Mbarak alitabasamu tabasamu la kinywa tu.

Nilipaswa kuona. Bastola ilipokuwa mkononi mwake haikuwa ngeni kwake. Lakini nilijiambia, wanaume hujifunza haraka mambo haya.

Somo la tatu ndilo lililonivunja.

Asubuhi ile nilivaa abaya yangu nzuri kuliko zote, nyeusi, yenye ushonaji wa uzi wa kijivu kwenye mikono. Mbarak aliniletea kutoka Jeddah wakati wa Idi. Ilinikaa kana kwamba fundi alinipima, na mimi ni mwanamke mrefu, nguo za madukani huniishia juu ya vifundo vya miguu. Siku ile ya Idi nilipiga picha nikaisambaza kwa wanangu, nikamtumia na Zuhura, na chini yake nikaandika dua: Mungu ambariki aliyenichagulia. Kumbukeni dua hiyo.

Ustadh Fahad aliuliza swali lake. Nikajibu kuwa sina hasira, nina njaa tu. Akacheka. Akatugawia bastola za mpira za rangi ya buluu, za kufanyia mazoezi, kisha akatuonyesha chumba kilichopangwa kama nyumba: kitanda, kochi, kijia, mlango. Alisema, fikirieni mwizi yuko ndani, na nyinyi wawili mnataka kufika mlangoni. Mume atangulie na silaha, mke afuate. Alituambia twende kwanza tunavyojua sisi, kisha atatusahihisha.

Mbarak akatangulia. Nikasimama nyuma yake. Na hapo, wasomaji wangu, hapo...

Mkono wake wa kushoto ulirudi nyuma. Ulirudi chini, usawa wa kiuno, vidole vimefunguka, vikitafuta. Havikutafuta bega wala mkono wangu. Vilimtafuta mtu mwingine, mtu wa kimo kingine. Na mume wangu akasema kwa sauti ya chini, sauti ya upole ambayo sikuwa nimeisikia kwa miaka, "Shika mkanda. Usiogope, niko mbele yako."

Vidole vikashika hewa.

Ustadh Fahad alicheka kwa kupendezwa. Akasema hivyo ndivyo mwenzake wa Jeddah anavyowafundisha wenye wake wafupi, mwanamke asiyefikia bega la mumewe hushika mkanda. Mke mrefu kama huyu aweke mkono begani. Kisha akamuuliza Mbarak, "Kwani mlijifunzia Jeddah?" Akanigeukia, "Na wewe mama ulikuwepo?"

Mbarak akajibu haraka kuwa aliona kwenye simu, video tu. Ustadh Fahad alimwangalia, akaniangalia mimi, akanyamaza. Mwanaume mwenye akili hujua pale ambapo hapatakiwi neno.

Miguu yangu ilitaka kuondoka bila mimi. Nilirekebisha mtandio, nikaurekebisha tena. Nilihesabu matundu ya ukutani. Mimi ni mrefu, Mungu ndiye aliyeniumba hivi, kilemba cha Mbarak hunifika kwenye nyusi. Miaka thelathini na tano ya ndoa hajawahi kunitafuta kiunoni! Mkono wa mtu hausemi uongo. Ulimi wake waweza kusema video, lakini mkono wake ulimtafuta mwanamke mfupi.

Tulimaliza zoezi lile sijui vipi. Ikafika zamu ya kupiga shabaha kwa risasi za kweli. Nikaitwa kwanza. Nikavaa vizibo vya masikio, nikasimama kwenye mstari, Ustadh Fahad akaiweka bastola mbele yangu. Mbarak alikuwa amesimama nyuma ya mstari wa manjano, hatua chache tu.

Niliinyanyua. Ilikuwa nzito kuliko wiki iliyopita. Damu ilinipiga masikioni ndani ya vile vizibo kama ngoma ya arusi ya mtu mwingine. Na moyo wangu ukaniambia neno ambalo sitaliandika hapa. Lilipita tu, kama mwizi anavyopita dirishani, lakini nililiona uso wake. Nikamwomba Mungu hifadhi. Nikaitua bastola mezani, mdomo wake ukielekea kwenye shabaha kama nilivyofundishwa, nikarudi nyuma na kuvua vizibo.

Ustadh Fahad akaniuliza kulikoni.

Nikamwambia, "Ustadh, lile swali lako la asubuhi, niulize tena."

Akauliza polepole, "Leo kuna aliyekuja na hasira?"

"Hakuja nayo," nikamjibu. "Imemkuta hapa."

Hakuuliza zaidi. Aliifunga silaha kabatini, akaniletea kahawa na tende kwa mkono wake mwenyewe, akamwambia Mbarak somo limekwisha. Mungu amlipe kheri mtu yule. Laiti asingekuwa na desturi yake ile... Nashukuru alikuwa nayo.

Kwenye gari Mbarak hakuwasha injini. Jua la Al-Sulay lilikuwa linachemsha bati za maghala, na sisi tulikaa tu, jasho linatutiririka. Nilimuuliza ni nani. Akashika usukani.

"Ni mfupi," nikasema.

"Ndiyo."

"Ninamjua?"

Akafunika uso kwa mikono miwili. "Ni Zuhura."

Nilitamani kucheka. Kweli nilitamani! Zuhura wa mkeka wangu, Zuhura wa alifu, Zuhura niliyempigia magoti madam kwa ajili yake. Mbarak akanieleza yote, maneno yakitoka kama maji ya bomba lililokatika. Alikuwa amemuoa kwa ndoa ya halali, Jeddah, mwaka na zaidi uliopita. Kaka yake Zuhura alitoa idhini kwa simu, na bosi mwenyewe alikaa shahidi. Bosi alipotaka walinzi wa nyumba zake wafundishwe kujihami, alianza na nyumba ya Jeddah, akamtuma Mbarak na mkewe wa huko. Kisha akasema sasa ni zamu ya mke mkubwa, Riyadh. Ndipo mgongo ukaanza kuuma, na jino, na gari.

Nikamuuliza, bosi haoni ajabu kuwa mimi sizungumzii ndoa hiyo? Akajibu kwa sauti ya mtu anayezama kuwa bosi anadhani najua. Wote wanadhani najua. Aliwaambia nimeridhia, ila sipendi jambo hilo litajwe mbele yangu. Nao wakaheshimu. Kwetu mke mkubwa akinyamaza, watu huheshimu kimya chake. Mume wangu aliichukua heshima hiyo akaifanya pazia!

Akaniambia, "Lakini ni halali, Mama Fatma. Wewe mwalimu unajua ni halali."

Nikamjibu, "Halali haifichwi kama chupa ya pombe."

Ndugu zangu, hapa ndipo palipoumiza zaidi. Ningekuwa mwanamke asiyesoma, ningelia kuwa nimefanyiwa haramu, na machozi yangekuwa na pa kwenda. Lakini nilijua hukumu zake. Niliwafundisha wasichana kuwa mwanaume ana ruhusa, kwa sharti la uadilifu. Nilikosa hata cha kushtakia. Siku zile sikutulia. Nilifua nguo safi. Niliosha vikombe ambavyo havikutumika. Nilisali, na katikati ya sala nikasahau niko rakaa ya ngapi, mimi niliyewafundisha wenzangu utulivu wa sala. Bibi kizee akaniuliza kwa nini nazunguka chumbani kama paka aliyepotelewa na watoto.

Shule zilipofungwa, familia yote ilikwenda Jeddah, na bibi kizee akachukuliwa, kwa hiyo nami nilikwenda. Mbarak aliendesha, mimi nilikaa kiti cha nyuma na mgonjwa wangu. Safari ya kutwa nzima jangwani, nikitazama kisogo cha mume wangu. Nilijitayarishia maneno ya kumwambia Zuhura. Niliyapanga, nikayapangua. Mengine yalikuwa makali hata nikayaombea msamaha kabla sijayatamka.

Tulipofika nilikuwa nimevaa ile abaya. Siwezi kuwaambia kwa nini. Labda nilitaka anione nikiwa mzuri.

Zuhura alishuka ngazi mbio. Akaninyakua mkono akaubusu, akainama chini, machozi yanamlengalenga, na kabla sijafungua kinywa akasema, "Mwalimu, imekutosha! Nilizunguka soko lote la Balad nikitafuta ya urefu wako. Ulipoivaa Idi na kunitumia ile picha, nikajua umenikubali kwa moyo."

Nikaitazama ile abaya mwilini mwangu.

Mnaelewa, wasomaji? Kwetu mke mdogo mwenye adabu hupeleka zawadi kwa mke mkubwa, kumtaka radhi na kumwonyesha heshima. Mkubwa akiipokea, akaivaa, basi amefungua mlango. Zuhura alitimiza desturi. Alichagua abaya kwa fedha yake, akampa Mbarak aniletee na maneno yake. Mbarak alileta abaya, maneno akayameza! Akanipa kama zawadi yake ya Idi. Nami nikaivaa, nikapiga picha, na nikamtumia mke mwenzangu kwa mkono wangu, na dua ya baraka juu yake.

Hasira yote niliyoibeba kutoka Riyadh ilikosa pa kutua. Huyu mtoto hakuniibia. Huyu mtoto alibisha hodi, na aliyemjibu karibu si mimi.

Nikavua abaya pale pale kwenye korido, nikaikunja, nikamwekea mikononi. Nikamwambia sikujua, Zuhura. Sikujua lolote mpaka juzi. Uso wake uliganda. Akamtazama Mbarak aliyesimama na masanduku mlangoni, akakaa chini kwenye ngazi, abaya mapajani, akaanza kulia.

Kilio chake kilimfikia madam, na kutoka kwa madam kikamfikia bosi.

Asubuhi yake bosi aliniita. Lakini kabla sijaenda, Mbarak alinifuata jikoni. Sijawahi kumwona vile. Mzee mzima, ndevu nyeupe, alipiga magoti mbele ya jiko. Akaniambia bosi anataka kuniuliza kama nilijua. Alimwapia bosi kwa jina la Mungu kuwa najua. Nikikana, kazi yake imekwisha, na ikama yake, kibali cha kuishi huku, iko mkononi mwa bosi. Akanikumbusha nyumba yetu Kisauni ambayo haijaezekwa. Akanikumbusha kijana wetu wa mwisho aliye chuoni.

"Neno moja tu, Mama Fatma. Sema ulijua. Mengine yote nitayalipa maisha yangu yote."

Neno moja! Wangapi kati yenu wasingelisema? Ni mume wangu. Nimekula naye shida, nimezika naye mtoto. Nilitoka jikoni, na kila hatua ilibadili nia yangu. Nitasema. Sitasema. Nitasema...

Bosi alinikaribisha kiti, jambo ambalo hafanyi kila siku. Alikuwa na tasbihi mkononi. Akasema, "Umm Fatma, mume wako aliniapia kuwa umejua na umeridhika. Kwa kiapo hicho nikakaa shahidi mbele ya Mungu. Sasa nataka kusikia kwako. Ulijua?"

Nikamwona Mbarak kwenye kioo cha kabati, amesimama mlangoni, macho yake yamenishikilia. Nikaona pia mkeka wangu wa Mombasa, na watoto wamekaa juu yake, na mimi mbele yao nikiwaambia ulimi ni amana. Zuhura alikuwa mmoja wao.

"Bosi, sikujua."

Bosi hakufoka. Alinyoosha mkono, na Mbarak akaja akaweka funguo za gari kwenye kiganja chake. Bosi akasema neno moja tu la kwao, "Halas," yaani basi, imekwisha. Baadaye alinieleza kuwa angeweza kumsamehe mtu aliyemwibia mali. Lakini mtu aliyemwibia ushahidi wake mbele ya Mungu, atamwachiaje nyumba na mama yake? Nilimwombea Mbarak angalau mkataba uishe. Akakataa.

Mume wangu aliondoka na sanduku lile lile alilokuja nalo. Uwanja wa ndege hakunilaumu. Hilo namsifu. Alisema tu, "Mwalimu ni mwalimu," akaingia ndani asigeuke.

Mnadhani mambo yaliishia hapo? Kijana wangu wa chuo alinipigia simu. Baba yake alikuwa amewaambia kazi imekwisha tu, hakusema zaidi, lakini habari za Uarabuni husafiri haraka kuliko ndege. Akaniambia mama, ulikuwa na neno moja tu la kumwokoa baba, ukalinyima. Akakata. Binti yangu Fatma hakupokea simu zangu. Hata wale dada wa Al-Shumaisi walionitania kitanda, wengine walinong'ona kuwa nimemfukuzisha mzee wa watu kwa wivu wa ukewenza. Wivu! Nilikuwa nikitembea sokoni nikijisemea peke yangu kama mwendawazimu. Je, nilifanya haki au nilijilipizia? Niliuliza swali hilo kila sijda. Na kwa kweli, sehemu yake moja bado naiuliza.

Zuhura aliomba aachwe. Alisema hawezi kukaa kwenye ndoa iliyojengwa juu ya ridhaa ambayo kinywa changu hakikuitoa. Alirudisha mahari, na Mbarak akamwacha mbele ya kaka yake, kwa simu, kama alivyomuoa. Mimi sikuachika. Sikuomba kuachwa. Nilimwambia Mbarak jambo moja: awaketishe watoto wetu, awaeleze kwa kinywa chake kwa nini alirudi. Sitamsemea. Ilimchukua muda mrefu. Kisha siku moja Fatma alipiga, akalia kabla hata ya salamu, akasema, "Mama, baba ametuambia." Kijana wangu bado hajapiga. Namsubiri. Subira siyo kulala, wasomaji wangu, subira ni kuamka kila siku na jambo lile lile na kutolikimbia.

Madaktari walishauri bibi kizee akae Jeddah, hewa ya bahari inamfaa. Kwa hiyo ninaandika haya nikiwa nyumba ya Jeddah. Ndiyo, na Zuhura. Wanawake wawili tuliokuwa wa mume mmoja, na mume hayupo! Tunapika jiko moja. Miezi ya mwanzo tulizungumza chumvi na sabuni tu. Sikumchukia, lakini sikuweza kumwangalia kiuno bila kuuona ule mkono.

Juzi madam alitutuma Balad kununua udi. Tulipita kwenye vichochoro vile vya nyumba za kale, za mawe ya matumbawe na madirisha ya mbao, na mbele ya duka moja la nguo Zuhura akapunguza mwendo. Nikajua ni lile duka. Akafungua mkoba wake, akatoa kifurushi cha karatasi. Ilikuwa abaya yangu, imepigwa pasi, imekunjwa. Akasema amekuwa akiibeba kila tunapotoka, hajui aifanye nini. Kuitupa hawezi, kuivaa ni ndefu kwake.

Nikamwambia, "Nipe tena. Safari hii kwa mkono wako, na useme ni ya nini."

Watu walikuwa wanapita na mikokoteni, hamali mmoja akatupigia kelele tumpishe. Zuhura alinipa kwa mikono miwili, kichwa kimeinama kama zamani mbele ya mkeka.

"Ni ya kukutaka radhi, Mwalimu."

"Hiyo nimeipokea."

Nikaivaa pale pale. Tukaendelea kununua udi. Njia ilikuwa nyembamba na umati mkubwa, na nilipokuwa nimetangulia nikahisi vidole vidogo vimeshika mkanda wa mkoba wangu, nyuma, ili tusipoteane. Niliviacha vishike.

Nawaomba nyinyi wanaume mnaosoma haya: msiwawekee wake zenu ridhaa vinywani. Kama jambo ni halali, lisemeni mchana, mbele yao, hata kama sauti inatetemeka. Na nyinyi wanawake, zawadi ikija kwenu kwa mkono wa mtu mwingine, ulizeni imetoka kwa nani na ni ya nini. Na sote, wake kwa waume, kabla hatujashika chochote kinachoweza kuumiza, iwe chuma au ulimi, tujiulize swali la yule mwalimu wa Al-Sulay. Leo kuna aliyekuja na hasira? Ukiwa nayo, tua. Rudi nyuma. Kunywa kahawa.

Ewe uliyenisoma mpaka hapa, Mungu akupe nyumba ambayo ndani yake hakuna mlango unaouogopa, akupe mwenzi ambaye mkono wake ukinyooka gizani unakutafuta wewe, na akukutanishe na haki yako ukiwa bado una nguvu za kusamehe. Amina.